Alama ya Chama cha Afya ya Watoto
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya alama ifaayo chama cha kuangalia afya ya watoto wa Migori na Homa Bay. Wako walionena kwamba fedha za rangi zingefaa zaidi kununulia vyandarua. Neno hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Mwezi wa Septemba 2019, chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya huko Ndhiwa, katika Homa Bay. Mtoto alitakiwa kupata dozi nne, ya kwanza akiwa na miezi sita na ya mwisho akiwa na miaka miwili. Kumleta mtoto mara moja ni rahisi. Kumrudisha mara ya nne ni kazi, hasa akiwa hulia kwa hofu afikapo mlangoni. Basi alama ya mlangoni si pambo, bali ni mwito wa kurudi.

Tuepuke mambo matatu. Kwanza, picha ya sindano, kwa kuwa mtoto huikumbuka kwa uchungu. Pili, nyoka aliyejizungusha fimboni, kama alivyo katika nembo ya Shirika la Afya Duniani. Madaktari waijua maana yake, lakini kwetu mtoto hufundishwa kumkimbia nyoka. Tatu, msalaba mwekundu. Huo si mali ya kila zahanati. Umelindwa na Mikataba ya Geneva tangu 1864, na asiye na ruhusa hana haki ya kuupaka ukutani.

Yafaa nini, basi? Mambo ayajuayo mtoto: mama amempakata mwanawe, mashua ya ziwani, au samaki ngege. Rangi ziwe mbili tu, ili fundi wa Rongo au wa Mbita aweze kuzirudia zikififia. Tena picha iseme bila maandishi, maana kwetu wamo Wajaluo, Wakuria, Wasuba na wengineo, na si kila mama aliyesoma. Kabla ya kuikubali, tuwaonyeshe akina mama sokoni, na watoto wenyewe, tuwaulize: mwaona nini hapa? Wakijibu sivyo tulivyokusudia, kosa si lao.

Mwisho, wazee wangu, alama ni ahadi. Mama akiifuata, kisha akakaripiwa au akakosa dawa, picha ile itakuwa shahidi juu yetu. Kwa hiyo naomba tusipake mlango wowote kabla ya kuhakikisha kwamba ndani yumo mtu wa kumpokea kwa upole. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.