Cherehani Moja kwa Watu Wawili

Leo twapenda kuwaeleza jambo dogo lililotufaa sana sisi wawili tangu tulipostaafu kazi, nalo ni kushona na kutengeneza vitu vya nyumbani kwa ushirika. Mabwana wasiondoke wakidhani ya kuwa haya ni mambo ya wanawake tu. Wajua wenyewe kwamba mafundi cherehani wengi wa mjini kwetu ni wanaume.

Walio mbali na Dar es Salaam yafaa kwanza wajue mahali tunapokaa. Mnazi Mmoja ni uwanja wa wazi ulio kati ya mitaa ya maduka ya katikati ya mji na mitaa ya Kariakoo. Jina hilo la Kariakoo asili yake ni kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi huko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu wakalitamka kwa ulimi wao, likakaa. Karibu nasi uko Mtaa wa Uhuru, wenye maduka mengi ya khanga. Basi nguo kwetu si haba.

Mmoja wetu alikuwa mwalimu, na mwenzake alikuwa mkunga. Katika Tanzania mtumishi wa serikali aweza kustaafu kwa hiari yake akiwa na miaka 55, na kwa desturi akifika 60 hana budi kupumzika. Sisi tulifikisha 60 mwaka mmoja. Mwezi wa kwanza tulifurahi kulala hata jua likatoka. Mwezi wa tatu tulikuwa tukikaa barazani kuhesabu magari. Mtu aliyezoea kuamshwa usiku kwenda kuzalisha, asipoitwa tena na yeyote, hujiona kama ndoo iliyotoboka.

Mkunga alikuwa na cherehani ya miguu, urithi wa mama yake. Mwalimu alikuwa na meza pana na mkasi mzuri. Tukafanya shauri, tukaweka kanuni tatu. Kwanza, nguo na uzi hununuliwa kwa fedha za wote wawili, sawasawa. Pili, mwalimu hupima na kukata, na mkunga hushona. Tatu, kila kitu hufanywa viwili, kimoja kwa kila nyumba: foronya, pazia, vitambaa vya meza.

Kanuni hii ya tatu tuliifuata khanga yenyewe. Khanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyo sawa, na tangu zamani mashoga hugawana doti moja kuwa alama ya mapenzi yao. Tena husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani waliacha kununua leso moja moja. Walikata sita kwa pamoja, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Ndiyo maana mpaka leo wenzetu wa Mombasa huiita khanga leso.

Sasa hatuna budi kuungama kosa letu. Mwaka wa pili mishono ilianza kwenda upande. Mkunga alinyamaza, wala hakusema kwamba haoni vizuri. Mwalimu naye alinyamaza, akawa kila usiku anafumua kazi ya mwenzake na kuishona upya kwa mkono, kama asahihishaye daftari la mtoto. Siku moja mkunga akauona uzi usio wake. Akafunika cherehani, na kwa siku 11 hatukusemezana, ingawa nyumba zetu zatazamana.

Siku ya 12 mwalimu alivuka njia, akaomba radhi. Ndipo mwenzake akasema kweli: tundu la sindano alikuwa halioni tena, naye aliogopa kwamba akisema ataachwa, atabaki hana kazi mara ya pili. Tulikwenda hospitali pamoja. Ilikuwa mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyo ndani ya jicho imeingia ukungu. Ukungu huo hauondolewi kwa dawa ya matone wala kwa miwani. Daktari huitoa lenzi hiyo kwa operesheni na kuweka nyingine iliyotengenezwa. Tulipokuwa tukingoja siku ya operesheni tuligawana kazi upya: mwalimu alishona, na mkunga alikunja mapindo na kupiga pasi, kwa kuwa vidole vyake vilijua nguo hata bila macho. Leo amerudi mahali pake, na kutia uzi sindanoni humshinda mwalimu zaidi kuliko yeye.

Basi wasikilizaji, shauri letu ni hili. Ukikaribia kustaafu, usingoje mpaka siku zikuchoshe. Tafuta mwenzi na kazi ya mikono, hata ikiwa ni kushona ukili wa mkeka. Ukiona kosa lake, mwambie mchana, usimfumulie usiku. Na mwili wako ukipungua nguvu, mweleze, maana kazi ya ushirika yaweza kugawanywa upya, bali siri haigawanyiki. Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.