Uraia Usiwe Siri ya Kalamu

Maneno yaliyosemwa Ruaruke, katika baraza ya wanachama



Hatukusimama mbele yenu kwa kujiona wasemaji. Sisi ni watu wa duka, na elimu yetu ni ya chuoni na ya daftari la madeni. Lakini dukani ndiko watu wa Ruaruke wanakoleta barua zao wasomewe, na barua moja ndiyo iliyotusimamisha leo.

Mzee mmoja, fundi wa majahazi, alituletea barua iliyotoka katika afisi ya serikali. Mzee huyu alizaliwa Ngazija, akaletwa pwani hii angali mtoto wa kubebwa. Ameoa hapa, amezika hapa, na wajukuu wake wamo skuli pamoja na watoto wetu. Aliomba uraia wa tajnisi. Akajaza fomu, akalipa ada, akangoja. Barua ilikuwa ya mstari mmoja, kwamba ombi limekataliwa. Akatuuliza, "Kosa langu wamelitaja?" Tukaisoma tena, kisha tukaigeuza nyuma. Hapakuwa na neno.

Basi tukaitafuta sheria yenyewe, tusije tukasema kwa ghadhabu tusilolijua. Sheria ya Uraia ya Tanzania ni Namba 6 ya mwaka 1995. Inataja uraia wa namna tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Mgeni aombaye tajnisi hutakiwa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na akikubaliwa akusudie kuendelea kuishi humu. Masharti haya hatuyalaumu. Kila nyumba ina mlango, na mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza abishaye hodi.

Tunacholaumu ni kifungu cha 23. Kama kilivyoandikwa mwaka ule, Waziri halazimiki kutoa sababu ya kukubali wala ya kukataa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa wala haupitiwi na mahakama yoyote. Fikirini, ndugu zetu. Mtu akishitakiwa kuiba kuku hapa Kibiti, atasomewa shitaka, ataleta mashahidi, na akishindwa atakata rufaa. Mtu anayeomba nchi ya kuishi na kuzikwa hana hata moja katika hayo. Sisi dukani tukimnyima mtu kilo mbili za mchele kwa mkopo, humwambia sababu: deni la mwezi uliopita hujalipa. Na chuoni tulifunzwa kuwa kadhi hahukumu mpaka asikie pande zote mbili.

Wako watakaosema, "Hayo ni ya wageni, sisi tuliozaliwa hapa yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Bwana Anudo Ochieng Anudo alikuwa na pasi ya Tanzania mkononi. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kwa shughuli za ndoa yake, wakautilia shaka uraia wake na pasi ikachukuliwa. Mwaka 2014 akatolewa nchini kwenda Kenya. Kenya nao wakamkataa, akabaki katika ardhi isiyo na mwenyewe, baina ya mipaka miwili. Tarehe 22 Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilihukumu kuwa amevuliwa uraia kiholela, bila ya kusikilizwa. Na kwamba mzigo wa kuthibitisha ulikuwa juu ya Serikali, si juu yake. Ikaiamuru Serikali irekebishe sheria ili mtu wa namna hiyo apate kufika mbele ya hakimu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba 2019, Serikali iliondoa ile ruhusa ya mwaka 2010 iliyomwezesha mtu binafsi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Hatusemi Serikali haijapata kutenda wema. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, waliokaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya watu 162,000, walikubaliwa tajnisi, na baada ya miaka ya kungoja hati zikaanza kutolewa mwezi wa Oktoba 2014. Wema huo tunaushukuru. Lakini wema ni hiari ya mtendaji, na haki ni deni. Sisi watu wa duka twajua tofauti yake.

Na sisi watu wa visiwani tuna mfano ulio karibu na damu yetu. Wapemba waliohamia pwani ya Kenya kwa uvuvi, wakaishi Kilifi na Kwale vizazi na vizazi bila ya kitambulisho, walitambuliwa kuwa raia wa Kenya mwaka 2023. Kabla yao walitambuliwa Wamakonde, mwaka 2016, nao walishika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao. Habari ya Wapemba ilipofika tuliwafurahia ndugu zetu. Je, tutafurahi Mpemba akipewa haki Kilifi, tukanyamaza Mngazija akinyimwa hata sababu Ruaruke? Ulimi wa kusema hivyo hatuna.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, kila ombi lijibiwe kwa muda maalumu. Pili, anayekataliwa aandikiwe sababu. Tatu, asiyeridhika awe na mahakama ya kwendea.

Boriti za mikoko ya delta hii zimeezeka nyumba za Unguja na za Arabuni, na majahazi yaliyozichukua yaliundwa na kutengenezwa na mikono kama ya mzee yule. Barua yake ameikunja, ameiweka katika sanduku la zana, chini ya keezo na tezo. Anasema ataomba tena. Nasi tumemuahidi kuwa safari hii hatakwenda peke yake.

Wa billahi tawfiq.