Jina Lenye Kitenzi Ndani Yake: Kuwafundisha Watoto Maana ya Jina la Yesu

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Baba Askofu, wanataaluma wenzangu, walimu wa shule ya Jumapili mliosafiri tangu alfajiri, wazazi, na nyinyi watoto mlioketi safu ya mbele kwa ahadi ya soda: Bwana Yesu asifiwe.

Nimesikia “Amina” nzito. Asanteni. Nitairudia salamu hiyo baadaye, maana nina ugomvi nayo kidogo.

Siku za kazi nafundisha Kiebrania na Kigiriki hapa chuoni. Jumapili nafundisha watoto wa miaka saba hadi kumi chini ya mwembe, nyuma ya kanisa, katika mji wetu huu wa kando ya ziwa. Siku moja niliwauliza: jina Yesu maana yake nini? Wakajibu kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuimba ambayo kila mwalimu anaijua: “Mwo-ko-zi!” Nikauliza tena: na mwokozi ni nani? Kimya. Mmoja akaanza kuchimba mchanga kwa kidole cha mguu. Hatimaye mvulana mmoja, ambaye tukisema ukweli huja kwa ajili ya mpira unaochezwa baada ya somo, akanyoosha mkono. “Ni wale wa gari jekundu.” Wenzake wakaangua kicheko. Alikuwa amesoma ubavuni mwa gari: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mimi nilimpa alama zote. Katika darasa zima ni yeye tu aliyeona kwamba ndani ya neno lile kuna kazi, kwamba kuna mtu yuko hatarini na mwingine anakuja mbio. Wengine walikuwa na jibu la kukariri, na jibu hilo tuliwapa sisi.

Hoja yangu jioni ya leo inatoka hapo. Jina la Yesu lina kitenzi ndani yake. Mtoto asiyeonyeshwa kitenzi hicho atalitamka jina maisha yake yote kama mtu anayesoma kibao cha duka lililofungwa.

Jina lilianza kama Yehoshua. Sehemu yake ya kwanza ni ufupisho wa jina la Mungu wa Israeli. Ya pili inatokana na mzizi wa kuokoa. Ukiziunganisha unapata sentensi nzima, yenye mtenda na tendo: Bwana huokoa. Katika Hesabu 13:16 tunaliona likiundwa mbele ya macho yetu. Mwana wa Nuni aliitwa Hoshea, jina la wokovu lisilomtaja mwokoaji. Musa, akiwa anawatuma wapelelezi Kanaani, akaliongezea mbele jina la Mungu, na kijana akaondoka akiitwa Yoshua. Baada ya uhamisho wa Babeli watu walizoea kulifupisha kuwa Yeshua, kama Emanueli wetu anavyoishia kuwa Ima. Kigiriki hakina sauti ya “sh”, na majina yake ya kiume hupenda kuishia na “s”, basi Yeshua akawa Iesous. Kufikia Kiswahili akawa Yesu, na kwa Wakatoliki wa umri wa wazazi wangu, Yezu.

Njiani humo kitenzi kilidondoka. Biblia nzima ya kwanza kwa Kiswahili ilipochapishwa mwaka 1891, msomaji wa Unguja alikutana na jina zuri lisilomwambia kitu. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, alijitahidi sana kuweka maneno yenye asili ya Kibantu mahali pa yale ya Kiarabu. Jina hili yeye naye aliliacha kama alivyolikuta. Simlaumu, kwani jina la mtu halitafsiriwi hivi hivi tu.

Lakini tazameni linapoangukia jina hilo bubu. Linaangukia katika nyumba ambazo majina yote yanasema. Shida alizaliwa wakati wa shida, Tatu ana wakubwa wawili, Zawadi alisubiriwa miaka mingi, na Sikujua, basi, mama yake hakujua. Kwetu jina ni habari. Mtoto wa nyumba kama hiyo ukimwambia “Yesu” bila kumpa habari iliyomo, umemnyima kitu ambacho lugha yake imemzoesha kukitarajia.

Na ufunguo tunao mfukoni. Walutheri wa Kilimanjaro, Pare na Arusha kwa vizazi sasa wamechukua Eli, neno la Kiebrania la Mungu, wakalibandika kwenye maneno yetu: Elibariki, Elisante, Elirehema, Elifuraha. Mwandike Elibariki ubaoni, mkate vipande viwili, Eli na bariki. Kisha mwandike Yehoshua chini yake, mkate vivyo hivyo. Mtoto wa miaka minane anauona muundo kabla hujamaliza kufuta chaki mikononi. Nimefundisha jambo hilohilo kwa wanafunzi wa shahada kwa saa mbili, nao wakaomba mapumziko.

Ufunguo mzuri zaidi uko magharibi. Ukifundisha Kasulu au Kibondo, au ukivuka kwenda Burundi na Rwanda, hukosi kumkuta Hakizimana kwenye mahudhurio. Jina hilo linasema kwamba Mungu ndiye anayeokoa. Ni tafsiri ya Yehoshua, karibu neno kwa neno, na wengi wanaolibeba hawajaambiwa kamwe kwamba maana ya jina lao na ya jina la Bwana wao ni moja. Zaidi ya hapo, kitenzi chake cha Kirundi, gukiza, kinabeba kuokoa na kuponya kwa pamoja, kama sozo ya Kigiriki. Kiswahili chetu kimevigawa. Yule mama aliyetokwa damu miaka 12 katika Marko 5, na yule mwanamke mwenye dhambi katika Luka 7, waliambiwa na Yesu maneno yaleyale kuhusu imani yao. Watafsiri wetu wakampa wa kwanza kuponywa na wa pili kuokolewa. Mtoto wa Kirundi analisikia jina kwa upana wake wote; mtoto wa Kiswahili anahitaji mwalimu wa kumrudishia nusu iliyobaki.

Sasa nenda Mathayo 1:21, malaika akizungumza na Yosefu usingizini. Mtoto ataitwa Yesu, na mara malaika anatoa sababu: atawaokoa watu wake na dhambi zao. Masikioni mwa Myahudi huo ulikuwa mchezo wa maneno, kama kusema mwite Baraka kwa kuwa atabarikiwa. Katika Kigiriki mchezo ulipotea. Katika Kiswahili umepotea pia, ila tumebakiwa na zawadi moja ambayo nadhani hakuna aliyeipanga. Neno linalounganisha jina na sababu yake katika Biblia ya Muungano ni “maana”. Watafsiri walimaanisha “kwa sababu”. Mtoto anasikia “maana yake”. Msimsahihishe.

Wengine hushtuka nikiwaambia kwamba jina hili lilikuwa la kawaida. Paulo anamtaja mwenzake Yesu aitwaye Yusto katika Wakolosai 4:11. Kule Pafo kulikuwa na mchawi Bar-Yesu. Baadhi ya nakala za kale za Mathayo 27 humwita hata yule mfungwa Yesu Baraba, kwa hiyo Pilato huenda aliwauliza watu wanamtaka Yesu yupi kati ya wawili. Ndiyo sababu wa kwetu alihitaji kuitwa wa Nazareti. Watoto hulipenda jambo hili mno, hasa akiwapo Joshua darasani, maana jina ni lilelile. Nyumba ya pili yupo Issa, aliyeitwa kwa jina ambalo Kurani inamwita mwana wa Mariamu.

Issa huyo ananirudisha kwenye makosa yangu. Mwanafunzi wangu mmoja alimwambia rafiki yake Mwislamu, wakicheza gololi, kwamba atachomwa moto kwa kuwa hajaokoka. Mama wa yule rafiki alikuja kwangu bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alitaka tu kujua kama ndivyo tunavyofundisha. Nilitaka kusema hapana. Lakini nilikuwa nimewafundisha watoto kitenzi “okoka” kabla ya “okoa”, wakakipokea kama cheo cha mtu: fulani anacho, fulani hana. Katika sentensi ya Yehoshua mtenda ni Mungu. Mtoto hana nafasi ya kujivunia hapo.

Salamu yetu nayo inasaidia kulichosha jina. Tunaitumia kutuliza ukumbi, kujaribu kipaza sauti, kuanzisha matangazo ya michango. Wazee wa uamsho, wale walokole waliosambaa kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930, waliitoa salamu hiyo wakiwa na jambo la kushuhudia, mara nyingi deni walilokwenda kulipa au ng'ombe waliyemrudisha kwa mwenyewe. Siombi tuiache. Naomba mtoto aambiwe angalau mara moja kwamba akiitamka anasema kwamba Mungu anayeokoa asifiwe.

Anaokoa kutoka kwenye nini? Hapa ndipo somo huwa gumu, na sitaki kupita haraka.

Msichana mmoja wa darasa langu, kaka yake alizama ziwani. Mwezi mmoja baadaye nikawa nafundisha maana ya jina, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye mwembe, nimeshakata Yehoshua vipande viwili. Akauliza, bila kunyoosha mkono: “Mbona kaka hakumwokoa?” Nikatoa jibu ambalo wengi wetu tumelirithi, kwamba Mungu alimpenda zaidi. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mzima anayedanganya. Jumapili tatu hakuja.

Nilirudi kwa Mathayo nikiwa na aibu. Malaika alitaja dhambi; hakuahidi kwamba hakuna atakayezama. Sura inayofuata, Herode anaua watoto wa kiume wa Bethlehemu, na mwenye jina lenyewe anabebwa usiku kwenda Misri kama mkimbizi. Kisha ipo Mathayo 27:42. Msalabani wanamdhihaki kwamba aliokoa wengine na kujiokoa hawezi. Kitenzi cha jina lake mwenyewe kimegeuzwa tusi. Nimelisoma andiko hilo kwa Kigiriki tangu ujana wangu, na sikuliona mpaka mtoto aliponiuliza.

Nilikwenda nyumbani kwao. Mama alinitandikia jamvi. Nilimwambia yule binti kwamba nilimjibu vibaya na kwamba sijui. Kisha nikamsomea kuhusu yule aliyechekwa kwa jina lake, ambaye hakushuka. Hakusema kitu. Jumapili iliyofuata alikuja, akakaa mwisho wa mkeka.

Nimalizie na kuwaelekeza wengine kwa Yesu, ambako lugha yetu inatupa onyo. Kwa Kiswahili, kumnyooshea mtu kidole ni kumlaumu, na mtoto mwenye adabu hamnyooshei mkubwa kidole kamwe. Uinjilisti mwingi ninaousikia, wa wakubwa kabisa, ni wa kidole cha namna hiyo. Yohana Mbatizaji alikitumia chake vingine. Alikuwa amesimama na wanafunzi wake wawili, Yesu akapita, Yohana akamtaja kuwa Mwanakondoo wa Mungu, na wale wawili wakamwacha mwalimu wao papo hapo. Alipoteza wanafunzi wawili mchana mmoja na Injili haionyeshi kwamba alinung'unika. Kuna picha ya Matthias Grünewald, iliyochorwa kati ya mwaka 1512 na 1516 kwa ajili ya monasteri ya Isenheim iliyouguza wagonjwa, na sasa iko Colmar, Ufaransa. Yohana amesimama karibu na msalaba, ingawa wakati huo alikwisha kuuawa, na kidole chake ni kirefu kupita cha binadamu yeyote. Mwanateolojia Karl Barth aliweka nakala yake juu ya meza ya kazi. Mimi huwaonyesha watoto picha hiyo na kuwauliza wanaangalia nini. Wanaanza na kidole, kisha macho yao yanakwenda kinakoelekea.

Wakatoliki wametutangulia hapa, na nalisema mbele ya Baba Askofu bila aibu. Tangu mwaka 1843, Askofu Charles de Forbin-Janson alipoanzisha shirika la Utoto Mtakatifu huko Ufaransa, wamewaamini watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka ndogo. Sisi bado tunawaita kanisa la kesho.

Mmoja wa wale wanafunzi wawili wa Yohana alikuwa Andrea, na alichofanya kinajulikana mitaani kwetu. Mgeni akiuliza njia, mtoto wa Kiswahili hapotezi muda kuelekeza. Husema “twende nikupeleke,” akatangulia. Andrea alimtafuta ndugu yake Simoni, akampeleka.

Walimu, Jumapili ijayo, kabla ya kufungua kitabu, mwulizeni kila mtoto jina lake lina maana gani na nani alimpa. Wengi hawatajua. Waacheni waende wakawaulize bibi zao, na wakirudi wiki ya pili na majibu, ndipo mlikate Yehoshua ubaoni.

Na nyinyi wa safu ya mbele, soda ziko ukumbi mdogo, nyuma ya maktaba. Kuna wageni hapa wasiopajua. Msiwaelekeze kwa kidole, wapelekeni.