Mizizi Inayopumua

Msikilizaji wa pwani, maji yakipwa, tazama chini ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko. Utaona vijiti vimechomoza topeni, vyembamba kama penseli. Usidhani ni miche. Ni mizizi, na inapumua.

Tope la mikokoni halina hewa. Mzizi wa kawaida ungeoza humo. Mchu huipandisha mizizi yake juu. Iangalie kwa karibu: ina vitundu vidogo vidogo. Hewa huingia humo, ikashuka hadi kwenye mizizi iliyozama. Inapumua kweli.

Basi ukienda kutafuta kaa au chaza, pita kwenye vijia vilivyozoeleka. Usiikanyage mizizi. Usiikate. Na kifusi, tafadhali sana, kisimwagwe mikokoni. Mizizi hiyo ikifukiwa, mchu hukosa pumzi, ukakauka umesimama.