ALIYEELEMEWA SI MVIVU

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na mwenezi wa chama mbele ya wanachama wa tawi na wafanya kazi walioalikwa.)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo halina kidonda cha kuonyesha wala bandeji ya kufunga. Ni ule uzito wa roho aupatao mtu kwa sababu ya kazi yake. Wataalamu huuita msongo. Mama mwenye nyumba huuita “siku hizi baba hasemeki.” Mwenye kiwanda huuita uvivu. Twataka leo tuonyeshe ya kuwa mama mwenye nyumba amekaribia kweli zaidi kuliko mwenye kiwanda.

Kwanza tufahamu jinsi mwili unavyofanya kazi. Mtu akikutana na simba njiani, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga dawa yake katika damu. Moyo hupiga mbio, damu hukimbilia miguu na mikono, tumbo huacha kusaga chakula, macho hukodoka. Mambo haya yalielezwa vizuri na Walter Cannon, mtaalamu wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kinga aliyotupa Mungu. Simba akienda zake, mwili hutulia. Lakini je, simba asipokwenda? Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi mjini Montreal huko Kanada, aliandika ya kuwa mwili ukibanwa muda mrefu, hata kama kinachoubana ni tofauti, huchoka kwa namna moja na mwishowe huugua. Basi, ndugu zangu, msimamizi atukanaye kila asubuhi ni simba asiyeondoka. Deni la duka lisilolipika kwa mshahara ni simba alalaye mlangoni.

Sasa tuzitazame sababu.

Sababu ya kwanza ni kutojua kesho. Wazee wa Mombasa na Dar es Salaam wameacha habari za makuli wa bandarini, waliokuwa vibarua wa siku. Mtu aliamka alfajiri, akasimama getini, asijue kama ataitwa au atarudi mikono mitupu. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika palikuwa na kipande: kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara haukutolewa mpaka kadi ijae. Ukiugua, siku ile haikuandikwa. Nao ujira wenyewe ulikadiriwa kwa mtu asiye na mke wala mtoto. Hata kamati ya serikali ya Kenya iliyotoa taarifa yake mwaka 1954 ilikiri ya kuwa ujira huo haulishi familia. Tusishangae basi ya kuwa Mombasa iligoma Januari 1947, makuli wa Dar es Salaam wakagoma Septemba mwaka ule ule, na Unguja ikafuata mwaka 1948. Walidai shilingi, ni kweli. Lakini pamoja na shilingi walidai usingizi.

Kutojua kesho hakukwenda na mkoloni. Tazameni kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya tajiri. Kabla hajapata senti ya uji wa watoto, hesabu ya tajiri inamngoja. Mvua ikinyesha, hesabu iko pale pale. Polisi wakimshika, hesabu iko pale pale. Kisha twamlaumu kwa nini anakimbia hovyo barabarani! Anakimbizwa, naye anayemkimbiza haonekani.

Sababu ya pili ni kazi nyingi pamoja na kukosa neno. Mwaka 1979 Robert Karasek wa Marekani alionyesha ya kuwa kazi inayomwumiza mtu zaidi si ile iliyo nzito tu, bali ile iliyo nzito huku mwenyewe hana amri juu yake: haulizwi, hachagui, hapumziki mpaka aambiwe. Kule London watumishi wa serikali walichunguzwa afya zao tangu mwaka 1967. Watu walidhani wakubwa wenye meza pana ndio watakaougua moyo zaidi, kwa sababu ya madaraka yao. Ikaonekana kinyume: watumishi wa daraja za chini ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye amri hajui uzito wa kuamriwa.

Hapa hatuna budi kuwataja walimu, maana sisi tuliopitia chuo cha ualimu twajua habari zao. Mwaka 2016, shule za serikali za Tanzania zilipoacha kutoza ada mpaka kidato cha nne, watoto walifurika madarasani. Hilo ni jambo la heri, na chama chochote kipendacho wananchi kitalisifu. Lakini mtoto huingia shuleni kwa siku moja, na mwalimu hutengenezwa kwa miaka. Mwalimu akisimama mbele ya watoto mia, asahihishe madaftari mia, aandike taarifa, kisha aulizwe na wakubwa kwa nini mtihani umeanguka, roho yake itakuwaje? Chuoni tulifundishwa ya kuwa mtoto mwenye njaa hashiki hesabu. Hatukufundishwa mtoto hujifunza nini kwa mwalimu aliyelemewa. Jibu tumelipata madarasani: hujifunza kuogopa fimbo.

Sababu ya tatu ni dharau. Mtu aweza kubeba gunia zito akiitwa “ndugu,” lakini gunia jepesi litamvunja mgongo akiitwa mbwa. Mwaka 2019 mataifa yaliyokutana Geneva katika Shirika la Kazi Duniani yalipitisha Mkataba namba 190 wa kukomesha ukatili na udhalilishaji kazini. Maana yake ni hii: tusi la msimamizi na mkono wa bwana mkubwa kwa mfanya kazi wa kike si mzaha wa kazini, ni kosa.

Sababu ya nne ni kazi isiyo na mpaka. Zamani king'ora kililia, mtu akaenda kwake. Siku hizi king'ora kimo mfukoni. Simu hulia usiku wa manane, na asiyejibu huhesabiwa mkaidi asubuhi.

Hayo ndiyo yanayoleta maradhi. Matokeo yake mnayaona majumbani mwenu: usingizi unapotea, kichwa kinauma, tumbo linawaka, damu inapanda. Mtu msahaulifu mbele ya mashine hukatwa kidole. Mwingine hutafuta faraja katika pombe, na mshahara mdogo ukawa mdogo zaidi. Mwingine hana wa kumjibu kazini, basi humjibu mkewe nyumbani, naye mke huwajibu watoto. Hivyo tusi lililotoka ofisini saa nne asubuhi hufika mkekani saa tatu usiku.

Nayo yaua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu ya kuwa watu wapatao 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na saa nyingi za kazi. Afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma, hatari yake ya kupata kiharusi huzidi kwa asilimia 35 kuliko afanyaye saa 35 mpaka 40.

Wako wenzetu ndani ya chama watakaosema, “Nchi maskini haina nafasi ya maneno haya. Tumewaambia watu wafanye kazi kwa bidii, nanyi mwawafundisha kulalamika.” Twawajibu kwa heshima. Bidii ni yetu, wala hatuiachi. Wako wavivu, twawajua, na dawa yao ni kazi. Lakini mvivu hakosi usingizi kwa ajili ya kazi. Aliyeelemewa hulala nayo, akaamka nayo. Mkoloni alimwita kila Mwafrika aliyechoka mvivu, kwa sababu neno lile lilimwokoa na gharama ya kuuliza amekula nini na amelala wapi. Tukilirithi neno lile bila kuuliza, tutakuwa tumekifukuza kiti cha mkoloni na kuuweka ulimi wake. Hata mwenye shoka hulinoa, wala hasemi wakati wa kunoa umepotea.

Basi tufanye nini? Tuna mambo manne.

Kwanza, tuijue sheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, wala 9 kwa siku. Na likizo ya mwaka ni siku 28. Haki isiyojulikana ni kama fedha iliyozikwa shambani kwa jirani.

Pili, tusiende mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu akilia peke yake huambiwa ni mgonjwa. Wakisema arobaini kupitia chama chao cha wafanya kazi, inajulikana ya kuwa ni kazi iliyo mgonjwa.

Tatu, asiyelala kwa majuma mengi, au aliyefikia kusema heri kufa, asiachwe kwa ushauri wa barazani tu. Apelekwe hospitali, na mwenzake amsindikize. Hiyo si aibu, kama vile homa si aibu.

Nne, sisi viongozi tuanze na nyumba yetu. Tawi lina karani, lina dereva, lina akina mama wapikao kila mkutano. Tuwaulize wanalala saa ngapi, na mara ya mwisho walipumzika lini. Chama kinachodai heshima ya mfanya kazi mbele ya tajiri, nacho chamwamsha karani wake usiku kwa barua ya kungoja asubuhi, hakitasadikiwa na mtu.

Ndugu zangu, wazee wetu hawakutaka uhuru ili tubadilishe rangi ya nyapara. Walitaka mtu afanye kazi na arudi kwake akiwa bado mtu. Kesho, kila mwanachama amwulize mwenzake mmoja kazini hali yake, kisha anyamaze asikilize. Atakayosikia ayalete mkutano ujao, nasi tutayaandika na kuyapeleka panapohusika.