Hotuba Juu ya Transista, Iliyosomwa Mbele ya Wanachama, Bunju



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kitu kidogo kiitwacho transista. Hatukuja kama mafundi, bali kama makarani tuliopata hasara kwa kutojua, nasi hatupendi wenzetu wapatwe na hasara ile ile.

Kwanza, asili yake. Mwezi wa Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walifaulu kuiendesha transista ya kwanza. William Shockley, mkuu wao, akaiendeleza kazi hiyo, na wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Kabla ya hapo redio zilitumia vali za kioo, mfano wa taa, ambazo hazikufanya kazi mpaka zipate moto. Kwa hiyo zilikula umeme mwingi. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio zilikuwa bado za namna hiyo. Transista haihitaji kupashwa moto. Ndiyo sababu redio ikaweza kuchukuliwa mpaka shambani, ikiendeshwa kwa betri ndogo, ambazo wengi wetu huziita mawe.

Sasa, yafanyaje kazi? Mfikirieni mtunza bohari. Ndani mna magunia tele, na mlango umefungwa. Karani aleta cheti chepesi, na magunia yatoka. Cheti kikitaja machache, yatoka machache. Kikitaja mengi, yatoka mengi.

Transista hii ina miguu mitatu, na ndani yake mna silikoni yenye matabaka matatu. Mawili ya pembeni yametiwa fosforasi, nayo yana elektroni za ziada. La kati, jembamba sana, limetiwa boroni, nalo lina upungufu wa elektroni. Zipo pia zilizopangwa kinyume. Tabaka la kati ndilo mlango. Lisipopewa umeme, njia imefungwa. Likipewa mkondo mdogo, mkondo mkubwa, pengine mara 100, wapita toka upande hata upande, ukiufuatisha ule mdogo kwa kila kupanda na kushuka kwake. Hivyo sauti dhaifu hupata nguvu ya kutikisa spika.

Lakini angalieni: cheti hakizai magunia. Nguvu yatoka katika bohari, yaani betri. Transista haiumbi nguvu, huiamuru tu.

Hapo ndipo tulipokosea. Redio yetu ilianza kunong'ona, tukasadiki ya kuwa transista imekufa, tukaiuza kwa bei ya kutupa. Aliyeinunua alitia betri mpya, na jioni ile ile tukaisikia taarifa ya habari kutoka barazani kwake, nasi tumekaa kimya kwetu.

Basi, redio ikinong'ona, badilisheni betri kwanza. Zitieni kwa kufuata alama za kujumlisha na kutoa, kwa maana umeme ukiingia kinyume waweza kuiua transista. Zilizokwisha ziondoeni, zisije zikavuja. Wala msiiache redio katika jua kali.

Hata simu tulizo nazo mifukoni leo zina mabilioni ya transista, za namna nyingine, lakini kanuni ya mlango ni ile ile: kidogo chaamuru kikubwa.

Mwenye swali na aulize.