Kiti ni cha Waliompigia Kura: Kisa cha Julian Bond wa Georgia

(Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya wanaojiandaa kugombea viti vya mabunge ya kaunti)



Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mjumbe aliyechaguliwa. Ningeweza kuwasomea vifungu vya Katiba ya 2010 mpaka jua litue, nanyi mngesinzia, wala nisingewalaumu. Nimeona afadhali niwasimulie habari za mtu mmoja. Mtu huyo hakuwahi kuwa rais wala gavana. Alikuwa mjumbe katika bunge la jimbo, cheo ambacho hapa kwetu, tangu 2013, kinakaribiana na kile mnachokitafuta ninyi. Jina lake ni Julian Bond, wa jimbo la Georgia, Marekani.

Bond alizaliwa Januari 14, 1940, mjini Nashville. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Lincoln kule Pennsylvania, chuo kile kile walichosomea Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe. Mwaka 1957 kijana alijiunga na Chuo cha Morehouse mjini Atlanta, lakini masomo yake yalikatizwa na harakati. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa wanafunzi Weusi walioketi katika mikahawa iliyotengewa Wazungu wakidai wahudumiwe kama binadamu wengine. Aprili mwaka huo huo likaundwa shirika la wanafunzi lililojulikana kwa herufi zake, SNCC, naye Bond akakabidhiwa kazi ya habari. Polisi walipowapiga watu katika kijiji fulani cha Mississippi, ni yeye aliyehakikisha kwamba magazeti ya miji mikubwa yanapata habari hiyo.

Shirika hilo halikuwa geni kwa Kenya. Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera yetu kupandishwa, Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alifika Atlanta, na vijana wa SNCC wakaenda hotelini kumwamkia. Walipotoka hapo waliingia katika mkahawa uliokuwa jirani, wakanyimwa huduma kwa sababu ya rangi yao, wakakataa kuondoka, wakatiwa mbaroni. Mliweke jina la Jaramogi akilini, maana nitamrudia.

Mwaka 1965 mahakama ya shirikisho ililazimisha mipaka ya uchaguzi ya Georgia ichorwe upya, na Weusi wa Atlanta wakapata maeneo ambamo kura yao ina uzito. Bond, kijana wa miaka 25, alisimama katika Eneo la 136. Hakuwa na fedha za kumwaga. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wanataka nini. Katika uchaguzi wa Juni alipata kura 2,320 na mpinzani wake 487. Tangu 1907 hapakuwa na Mmarekani Mweusi aliyeketi katika Baraza la Wawakilishi la Georgia; sasa Bond na wenzake kadhaa walikuwa wanakuja kuapishwa Januari 1966.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Januari 3, 1966, mwanafunzi wa Tuskegee aitwaye Sammy Younge, aliyekuwa amekwisha kulitumikia jeshi la majini la nchi yake, alipigwa risasi akafa kule Alabama kwa kudai kutumia choo cha Wazungu katika kituo cha petroli. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa taarifa ya kulaani vita vya Vietnam na kuwaunga mkono wale wasiotaka kuandikishwa jeshini. Bond hakuiandika taarifa hiyo. Mwandishi wa habari alipomuuliza kama anaiafiki, angeweza kusema kwamba hajaisoma, au kwamba atatoa maelezo baadaye, kama wanasiasa wasemavyo kila siku. Alijibu kwamba anaiafiki. Alieleza pia kwamba yeye hajachoma kadi yake ya kuitwa jeshini, ila anaustahi ujasiri wa wanaochoma wakijua yatakayowapata.

Wajumbe 75 wakawasilisha malalamiko. Januari 10 wenzake waliapishwa, yeye akaambiwa akae kando. Alikuwa tayari kula kiapo kile kile, neno kwa neno. Kamati ikamhoji, na usiku huo Baraza likapiga kura: wajumbe 184 walikataa asipewe kiti, 12 walimtetea.

Georgia haikuwa ikifanya jambo hilo kwa mara ya kwanza. Septemba 1868 bunge hilo hilo liliwafukuza wajumbe wake Weusi kwa hoja kwamba katiba ya jimbo iliwapa haki ya kupiga kura bila kuwapa haki ya kushika madaraka. Asiyetakiwa hakosi kutafutiwa kifungu.

Bond alikwenda mahakamani. Dakta Martin Luther King aliungana naye katika kesi, na alifanya hivyo kama mpiga kura wa Eneo la 136, maana ndiko alikokuwa akiishi. Ninyi mnaopenda kudhani kwamba mjumbe akifungiwa mlango amedhulumiwa yeye peke yake, litafakarini hilo. Mahakama ya kwanza, yenye majaji watatu, ilimkatalia kwa kura mbili dhidi ya moja. Wakati rufani ikisubiri, gavana aliitisha uchaguzi mdogo wa kukijaza kiti kilichosemwa kuwa wazi. Februari 1966 watu wa Eneo la 136 wakamchagua Bond tena kwa wingi mkubwa. Kamati ya Baraza ikamwita, ikamtaka akane maneno yake, akakataa. Mlango ukafungwa mara ya pili. Novemba uchaguzi wa kawaida ukafika, wakamchagua mara ya tatu.

Kesi hii niliisoma nikiwa mwanafunzi wa sheria, na tangu hapo nimeirudia mara nyingi. Hoja ya Georgia haikuwa ya kipumbavu. Ilisema: mwananchi wa kawaida ana uhuru wa kusema apendalo, lakini mjumbe ni mtu wa kiapo, na anayewasifu wanaokaidi sheria ya jeshi hawezi kuapa kwa moyo safi kwamba ataitetea katiba. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu yake Desemba 5, 1966, na majaji wote tisa walikuwa kauli moja. Jaji Mkuu Earl Warren alieleza kwamba ukiwapa wajumbe walio wengi mamlaka ya kupima unyofu wa kiapo cha mwenzao, umewapa fimbo ya kumnyamazisha yeyote anayepingana nao. Kuhusu mjumbe kubanwa ulimi kuliko raia, mahakama iliigeuza hoja hiyo juu chini. Mjumbe, ilisema, ana wajibu wa kutoa msimamo wake juu ya mambo yanayobishaniwa, ili waliomchagua wajue wanawakilishwa na nani na waweze kumpima. Januari 1967 Bond aliapishwa, na mshahara wake wa dola 2,000 uliozuiwa ukawa haki yake.

Lakini jamani, hesabuni miezi. Tangu Januari 1966 hadi Januari 1967 watu wa Eneo la 136 hawakuwa na msemaji. Bajeti ilipitishwa bila wao. Nina uchungu na jambo hilo kwa sababu limenipata kazini. Miaka kadhaa iliyopita nilimtetea mjumbe wa bunge la kaunti moja, ambayo sitaitaja, aliyesimamishwa vikao kwa maneno aliyoyasema mazishini kuhusu zabuni ya barabara. Tulishinda. Nilipomkabidhi nakala ya hukumu alinishukuru kwa adabu, kisha akaniuliza: «Wakili, na ule muhula wangu wataurudisha?» Ulikuwa umebaki mwezi mmoja na siku kadhaa.

Sasa nimrudie Jaramogi. Mwaka huo huo wa 1966, mwezi Aprili, alijiuzulu umakamu wa rais na kukihama chama cha KANU, na wabunge kadhaa wakamfuata katika chama kipya cha KPU. Serikali ilikimbia Bungeni ikabadilisha Katiba: anayekihama chama kilichomdhamini atapoteza kiti. Kwa siku chache viti 29 vikawa wazi, na Juni ukafanyika ule uitwao Uchaguzi Mdogo Mkuu, ambamo KPU ilipata viti 9 tu. Oktoba 1969 chama chenyewe kikapigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Nitasema kwa haki kwamba Kenya, tofauti na Georgia, iliwauliza wapiga kura upya na ikawaapisha waliorudi. Hata hivyo sheria ile ilishonwa kwa vipimo vya miili ya watu waliokwisha kujulikana, na haikufa pamoja na enzi yake. Imo katika Ibara ya 103 ya Katiba ya 2010 kwa wabunge, na katika Ibara ya 194 kwa ajili yenu. Isomeni kabla hamjapokea cheti cha chama chochote, na hasa maneno yanayosema kwamba mtu anaweza kuhesabiwa amejiuzulu ilhali hajaandika barua.

Yaliyofuata katika maisha ya Bond nitayapitia upesi. Mwaka 1968 aliongoza ujumbe wa Georgia uliokwenda Chicago kupinga wajumbe walioteuliwa upande wa Gavana Lester Maddox katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic, na wakagawiwa sehemu ya viti. Huko huko jina lake likapendekezwa kwa umakamu wa rais. Alilazimika kujiondoa kwa sababu alikuwa na miaka 28, na katiba yao inataka 35. Alikaa katika Baraza la Wawakilishi hadi 1975, kisha katika Seneti ya Georgia hadi 1987. Wapo waliomlaumu kwamba alisafiri mno akitoa mihadhara, nami sidhani lawama hiyo ilikosa msingi wote.

Kazi moja ya useneta wake haina budi kutajwa. Mwaka 1981 alipigania Atlanta ipate eneo la kuchagua mbunge wa Kongresi ambamo Weusi wangekuwa wengi waziwazi. Wenzake waliupunguza mpango huo. Mwaka 1982 mahakama kule Washington iliamua kwamba mipaka iliyopitishwa ilikuwa na nia ya ubaguzi, ikachorwa mingine. Kiti hicho kilipobaki bila mwenyewe mwaka 1986, Bond alikigombea, na aliyesimama dhidi yake alikuwa John Lewis, rafiki yake wa tangu siku za SNCC, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa shirika hilo. Katika duru ya kwanza ya mchujo Bond aliongoza kwa asilimia 47 dhidi ya 35. Kampeni ya duru ya pili ilikuwa chungu. Lewis alimtaka hadharani wakapimwe kama wanatumia dawa za kulevya, na Bond akakataa. Lewis alishinda kwa asilimia 52.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa amechaguliwa mara tatu kwa kiti kimoja alishindwa katika eneo alilolipigania yeye mwenyewe lipatikane. Safari hii hakwenda mahakamani. Aliowaomba kura walikuwa wamejibu. Alikwenda kufundisha vyuoni, na kuanzia 1998 hadi 2010 aliongoza halmashauri ya NAACP, chama kikongwe cha haki za Weusi. Alifariki Agosti 15, 2015. Lewis alikishika kile kiti cha Kongresi hadi alipofariki Julai 2020.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Nimekuja na nakala chache za Ibara ya 194, ziko pale mlangoni, na maswali nitayapokea sasa.